Kifurushi cha Ofisi ya Mkutubi

Kabla sijaanza kuisema vibaya kampuni ya vifurushi, lazima ijulikane kwamba tulikuwa na njia yetu, na ilikuwa inafanya kazi.

Chuo chetu kipo Bagamoyo na si kikubwa. Maktaba yake nimeisimamia tangu nywele zangu zote zikiwa nyeusi. Mwanafunzi akitaka kitabu ambacho hatuna, najaza fomu ya kuazima, naituma kwa chuo kingine chenye kitabu hicho, nao wanatuletea kwa majuma machache. Anakisoma humu humu ukumbini, kisha kinarudi kwao. Ndivyo maktaba ndogo zinavyojisitiri.

Mwenzangu mkubwa katika kazi hiyo alikuwa mkutubi wa chuo kimoja cha kaskazini. Alikuwa anafunga kitabu kwa karatasi ya kaki na kamba ya katani, anakipeleka stendi alfajiri, anamkabidhi kondakta, halafu ananipigia simu na kunitajia namba ya basi. Basi likifika Msata, kondakta anakiteremsha kwa mama lishe anayeuza chai na chapati pale njia panda. Mama huyo alikuwa na ndoo ya plastiki yenye mfuniko aliyoitenga kwa ajili ya vitabu vyetu, na hata unga ukimzidi hakuthubutu kuutia humo. Dereva wa chuo akipita anakunywa chai, anafunua ndoo, anaondoka na mzigo. Kitabu kilichotoka kule asubuhi, kesho yake mchana kilikuwa mezani kwangu.

Kwa miaka yote hiyo hatukupoteza hata kimoja. Kimoja tu, cha sheria za ardhi, kilifika kikinuka mafuta ya chapati. Nikaandika barua ya kuomba radhi. Mwenzangu akajibu kwamba kitabu kile kilikuwa hakijawahi kumvutia mtu, na tangu kirudi kimeazimwa mara mbili.

Kisha mkuu wetu wa utawala akaenda kwenye warsha. Mimi warsha siziwezi. Watu wazima wanakaa hotelini siku tatu wakibandika vikaratasi vya rangi ukutani, halafu wanarudi kutufundisha kazi ambayo hawajawahi kuifanya. Huyu wetu alirudi na mkoba wa kitambaa, fulana mbili na wazo. Wazo lenyewe ni kwamba taasisi ya elimu ya juu haiwezi kupitisha mali yake kwa mama lishe. Neno "mama lishe" alilitamka kwa kukunja midomo, kama aliyeonja shubiri. Mwezi haukupita tukasaini mkataba na kampuni ya vifurushi, sisi na kile chuo cha kaskazini pia, maana mkubwa wao naye alikuwa kwenye warsha ile ile. Picha ya kupeana mikono ikatundikwa koridoni, mkabala na maliwato.

Nilichunguza njia ya hivyo vifurushi vipya, na sikucheka mwaka ule kama nilivyocheka siku hiyo. Gari la kampuni linatoka kaskazini, linafika Msata, linakata kuja huku kwetu, linapita Makurunge, linapita mbele ya geti la chuo, linapita Zinga, linakwenda zake mpaka Dar es Salaam. Huko mzigo unashushwa ghalani, unachambuliwa, unapangwa, halafu unapandishwa gari jingine na kurudishwa Bagamoyo. Nikamuuliza mkuu wa utawala kama hawawezi kusimama japo dakika moja pale getini. Akanijibu kwamba mimi siuelewi mfumo. Kweli, siuelewi mpaka leo.

Wakala wao hapa mjini alikuwa na duka la mabomba na masinki ya choo. Ndimo vitabu vya elimu ya juu vilimokuwa vinasubiri wenyewe.

Yote haya ningeyamezea kama si mwalimu wa Zinga.

Alikuwa mama wa makamo, mtu wa bara, aliyekuja pwani kufundisha shule ya sekondari na akabaki. Kwa miaka sita alikuwa anasoma shahada ya uzamili huku anafundisha. Kila Jumamosi alikuwa mezani kwangu, meza ya pembeni karibu na dirisha, na daftari zake tatu na chupa ya maji. Aliandika juu ya madarasa ya watu wazima vijijini. Watahini wake wakamwambia kazi ni nzuri, isipokuwa ameinukuu tasnifu moja ya zamani kupitia kitabu cha mtu mwingine. Wakamtaka aisome sura nzima kwa macho yake, na alete barua yenye muhuri wa maktaba kwamba ameiona nakala halisi. Alikwisha kuongezewa muda mara mbili. Safari hii walimpa siku moja ya mwisho, Jumatatu, saa sita mchana. Ikipita, usajili wake unafutwa na miaka sita inakwenda na maji.

Tasnifu yenyewe ilipigwa kwa taipureta, haikuchapishwa popote, na nakala yake pekee ilikuwa kwenye kile chuo cha kaskazini.

"Shikamoo mzee," aliniambia siku alipoleta ombi lake. "Nimekuja kukusumbua."

"Marahaba mwalimu. Ndiyo kazi yangu, kusumbuliwa."

Muda ulikuwepo, tena wa kutosha. Nikajaza fomu mbele yake. Alipokuwa anaondoka akanikaribisha nyumbani. Binti yake wa kwanza alikuwa anapata kipaimara kanisani misheni, Jumapili ile ile inayotangulia Jumatatu yake ya mwisho.

"Najua wewe si wa kanisani, mzee. Lakini pilau halina dini. Siku hiyo kazi yangu itakuwa imekwisha, nitakaa na mwanangu nikiwa na moyo mweupe."

Nikamwambia nitakuja.

Sasa niseme jambo moja kuhusu fomu zangu. Kwenye nafasi ya mpokeaji, miaka yote, naandika "Ofisi ya Mkutubi". Siandiki jina langu. Na nina sababu. Aliyenitangulia katika kiti hiki alikuwa anaagiza vitabu kwa jina lake mwenyewe. Alipofariki tulikuta vitabu kumi na kimoja vya watu sebuleni kwake, kila kimoja kikiwa na karatasi yenye jina lake, na warithi wakatutolea macho wakisema ni mali ya baba yao, jina si hilo hapo? Nilihangaika nao mwaka mzima. Tangu hapo nikaapa kwamba kitabu cha kuazima hakitakuja tena kwa jina la mtu. Kitabu ni cha ofisi. Nimewaimbia wasaidizi wangu maneno hayo, nimewaimbia wanafunzi, na mwalimu wa Zinga naye alikuwa ameyasikia mara nyingi kiasi kwamba alikuwa anayamalizia kabla yangu, akicheka.

Kifurushi kilipotoka kaskazini, simu yangu ikaanza kupata ujumbe. Kifurushi chako kimepokelewa. Kifurushi chako kipo safarini. Kifurushi chako kinaendelea kuwa safarini. Sijui nani aliketi akaona hilo la tatu ni habari. Siku ya nne ukaja ujumbe wa kunijulisha kwamba kimewasili kwa wakala, nikatia kofia, nikaenda.

Dukani nilimkuta binti mmoja mchangamfu, ndiye wakala mwenyewe. Tasnifu niliiona nikiwa bado mlangoni. Ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni wa rangi ya chungwa, imelazwa juu ya sinki la choo jipya.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimefuata mzigo wangu ule pale."

"Naomba kitambulisho."

Nikampa. Akatazama kitambulisho, akatazama kifurushi, akanitazama mimi.

"Baba, hapa pameandikwa mpokeaji ni Ofisi ya Mkutubi."

"Ndiye mimi."

"Kitambulisho hakisemi hivyo."

"Binti, umewahi kuona mtu aliyezaliwa akaitwa Ofisi?"

Akacheka kwa adabu, lakini mkono haukwenda kwenye kifurushi. Akanieleza kwamba mashine inataka jina la kwenye mzigo na la kwenye kitambulisho yawe mamoja, bila hivyo haifungui. Nikamwonyesha kitambulisho cha kazi. Haikufaa. Nikamwambia nitaleta barua yenye muhuri. Nayo, akasema, isingefaa.

"Lakini si jambo kubwa, baba. Mpigie aliyetuma, abadilishe kwenye mfumo, aandike jina lako. Dakika mbili tu. Mimi nakusubiri hapa hapa."

Ningepiga simu, jambo lingekwisha. Simu ilikuwa mfukoni na ina salio. Badala yake nikasimama katikati ya masinki yale na kumtolea hotuba binti wa watu. Nikamweleza habari za marehemu na vitabu kumi na kimoja. Nikamwambia ofisi haifi na mtu anakufa, na kwamba kampuni isiyojua tofauti hiyo haifai hata kubeba ndimu. Akanisikiliza mpaka mwisho, maskini, mteja wa pili akiwa nyuma yangu ameshika koki ya bafu. Kisha nikaondoka mikono mitupu, nikiwa nimeridhika mno na nafsi yangu.

Nilirudi ofisini nikaandika barua. Kurasa tatu. Niliieleza kampuni maana ya ofisi tangu enzi za kale, nikagonga muhuri kila ukurasa, nikapeleka nakala kwa mkuu wa utawala ili naye aone aibu ya mkataba wake. Ilikuwa barua tamu. Niliisoma kwa sauti mbele ya wasaidizi wangu wawili, wakacheka panapostahili. Mwalimu wa Zinga alipokuja Jumamosi kuuliza, nilimwambia kitabu kimefika mjini na kuna kasoro ndogo ya utaratibu ninayoishughulikia. Akashukuru, akaketi kwenye meza yake ya dirishani, akaendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake.

Kesho yake Jumapili, wiki moja kabla ya kipaimara, yule binti wa dukani alinipigia simu. Sikutegemea. Mfumo haumlazimishi kumpigia mtu, alifanya kwa utu wake tu.

"Baba, kesho ni siku ya saba. Mfumo unarudisha wenyewe. Nimekuwekea ukurasa wazi hapa, mwambie wa kule abadilishe, mimi nifungue. Jina tu, baba."

Nilikuwa naota jua kibarazani na kahawa yangu. Nikamwambia barua yangu imekwisha kufika makao makuu yao, nasubiri majibu ya wakubwa, si ya dukani. Kisha nikakata simu. Mpaka leo ninavyoandika haya nasikia ule mlio wa kukata.

Majibu hayakuja. Makao makuu, nadhani, walifungia maandazi kurasa zangu tatu. Siku ya Alhamisi nikapata ujumbe: Kifurushi chako kimerudishwa kwa mtumaji kwa mafanikio. Asante kwa kutuchagua. Niliutazama ujumbe huo, na kwa mara ya kwanza sikuona cha kucheka.

Nikampigia mwenzangu wa kaskazini haraka, nikamwomba arudie mtindo wetu wa kondakta na Msata. Akaniambia haiwezekani. Mkubwa wake ameona nakala pekee ya tasnifu imezurura barabarani karibu nusu mwezi ikarudi bila kufunguliwa. Amepiga marufuku, haitoki tena nje ya jengo. Anayeitaka aifuate.

Mwalimu alikuja alasiri hiyo hiyo, na vumbi la chaki bado mikononi. Nilianza kumweleza. Nikaanza na kampuni, nikashuka kwa mkuu wa utawala, nikaiponda mashine isiyojua ofisi ni nini. Nilisema vizuri, maana matusi ya adabu ndiyo kipaji changu. Akanisikiliza akiwa amesimama, mkoba begani, wala hakuketi. Nilipokwisha, akauliza tu basi la kwanza linapita saa ngapi. Kisha akaomba barua ya utambulisho ya kumpeleka kwenye maktaba ile.

Nikavuta karatasi yenye nembo.

"Naomba uandike jina langu, mzee," akasema. "Kule mlangoni nitaombwa kitambulisho."

Hakupandisha sauti wala hakunikazia macho. Lakini nilielewa kwamba alipitia kwanza kwa yule binti wa masinki, na kwamba anajua kila kitu, mpaka ile simu ya Jumapili. Aibu ilinishuka kutoka utosini. Nikaandika jina lake, majina yote matatu, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Sikupata ujasiri wa kuuliza habari za kipaimara. Aliyezitaja ni yeye, akiwa mlangoni. "Nitamwomba shangazi yake amsimamie," akasema, akatoka.

Ijumaa alfajiri alikuwa Msata. Mabasi ya kaskazini yalikuwa yanapita yamejaa, na aliyemtafutia nafasi ni yule yule mama lishe, kwa kumsimamisha kondakta anayemfahamu tangu enzi za vifurushi vyetu na kumwambia kwamba safari hii si kitabu, ni msomaji wake, ampeleke vile vile bila kumchubua. Alifika jioni. Jumamosi maktaba ile hufungwa mchana, lakini mhudumu mmoja akabaki naye mpaka akamaliza sura nzima, akampa na ile barua yenye muhuri. Ndipo akagundua kwamba yule mwandishi aliyemtegemea alikuwa amenukuu ovyo, ameruka sentensi mbili zilizobadilisha maana. Angepeleka kazi ile kama ilivyokuwa angekuwa amemsingizia mtu. Jumapili alikuwa ndani ya basi kutwa nzima, na saa ambayo askofu alikuwa anampaka binti yake mafuta, mama mtu alikuwa njiani anaandika upya ukurasa wake juu ya goti.

Mimi sikwenda kula pilau. Sikuwa na uso wa kwenda nao.

Jumatatu aliwasilisha. Akapita. Mkuu wa utawala, kwenye kikao cha mwezi uliofuata, akasema kampuni ya vifurushi haikukosea popote na tatizo lilikuwa jinsi fomu ilivyojazwa. Nimemdharau mtu yule kwa mambo mengi, na nitaendelea, lakini siku hiyo alisema kweli, nami nikachezea kifuniko cha kalamu. Fomu zangu sasa zina jina langu. Kuna mahali pa kuandika cheo chini yake, palikuwepo siku zote.

Miezi ikapita. Yeye Jumamosi hakuwa tena na sababu ya kuja. Kisha ikaletwa nakala ya tasnifu yake kwa ajili ya maktaba yetu, imejalidiwa kwa jalada jekundu, herufi za dhahabu mgongoni. Kuorodhesha ni kazi ya wasaidizi wangu, lakini hiyo niliichukua mwenyewe, nikaenda kuketi nayo kwenye ile meza ya dirishani.

Niliufungua ukurasa wa shukrani. Alikuwa amewataja watu wake kwa majina, mmoja mmoja. Msimamizi wake. Mama lishe wa Msata, ambaye mimi nilimjua miaka yote bila kuuliza anaitwa nani. Kondakta. Mhudumu aliyebaki naye Jumamosi ile. Binti wa duka la masinki, "aliyejaribu". Binti yake mwenyewe, kwa majina yote matatu na lile jipya la kipaimara, "aliyenisamehe siku ambayo sikuwepo".

Nikashuka na kidole, mstari kwa mstari, nikilitafuta langu. Mstari wa mwisho aliandika: "Naishukuru pia Ofisi ya Mkutubi."

Sikuona kosa la kumsahihisha. Ameandika kama nilivyomfundisha. Nikanyanyuka, nikachukua muhuri wa ofisi, nikagonga kwenye ukurasa wa kwanza, nikaipandisha rafuni.